Mionzi ya kansa ya mapafu ikishaisha: tunayodanganyana

Cha kwanza watu wanachosema ni eti mgonjwa akitoka kwenye mionzi asikae karibu na watoto wala mjamzito, "atawapa mionzi". Hapana jamani. Ile ya mashine ya nje ikizimwa imeisha, haibaki mwilini, mkumbatie, lala naye kitanda kimoja. Kumtenga ndo kunamuumiza.

Nywele za kichwani nazo hazitoki kwa mionzi ya kifua, labda awe anapewa na kemo (dawa za kuua kansa) au kichwa nacho kilipigwa mionzi. Za kifuani ndo zinaweza kutoka.

Sasa kubwa ni hii, watu wanadhani zile wiki chache za baada ya mionzi zikipita basi shida zimeisha. Kwa koo ni kweli kiasi, yale maumivu ya kumeza yanayomfanya mtu aogope hata maji kwa kawaida hupoa ndani ya wiki chache. Ila mapafu yana saa yake. Kuanzia kama mwezi 1 mpaka miezi 6 baadaye mtu aliyekuwa anaendelea vizuri anaweza kuanza kikohozi kikavu, homa ndogo, pumzi inakata akipanda ngazi, familia inaanza kulia kansa imerudi, au anapewa antibayotiki za nimonia anamaliza hamna kitu, kumbe pafu limevimba kwa mionzi yenyewe na hiyo inatibika, mara nyingi kwa steroidi, dawa za kutuliza uvimbe (usizikatishe ghafla mwenyewe!). Hata picha ya CT miezi ya mwanzo inachanganya, kovu la mionzi linaweza kufanana na kansa. Kwa hiyo daktari yeyote mtakayemwona mwambieni alishapigwa mionzi ya kifua na ilimalizika lini, hata kama hajauliza.

Halafu "mwache alale apumzike". Uchovu ni wa kweli na unaweza kukaa miezi, lakini kulala kutwa kunalegeza misuli, uchovu unazidi. Atembee kidogo kidogo, achoke, akae, aendelee.

Sigara: "si ameshaugua, mwacheni avute". Kuacha hata sasa kunasaidia pumzi na kunapunguza hatari ya kansa nyingine.

Na anayepewa mionzi mara 1 au 2 tu kwa sababu ya maumivu au kukohoa damu, msiseme hospitali imemkatia tamaa. Hapo lengo ni damu ikatike, maumivu yapungue, usiku apate usingizi.