Tulifundishwa Hivyo: Dhana Zilizopitwa na Wakati Kwenye Huduma ya Afya ya Msingi

Dhana potofu za wagonjwa zinaandikwa kila siku. Zetu sisi tunaowahudumia hazisemwi sana, na ni ngumu kung'oka kwa sababu nyingi zilianza zikiwa kweli. Zilikuwa jibu sahihi la mtihani wa chuo, zikabandikwa ukutani, zikafundishwa na mkufunzi tuliyemheshimu. Ushahidi ukasonga mbele, mwongozo ukabadilishwa, sisi tukabaki na jibu la zamani. Hizi hapa ni zile ninazozisikia zaidi.

Dhana: Mtoto mwenye nimonia ambaye kifua kinabonyea ndani lazima alazwe na kuchomwa sindano

Ndivyo ilivyokuwa kwa miaka mingi. Mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipanga upya madaraja ya nimonia ya watoto. Sasa mtoto wa miezi 2 hadi 59 anayepumua haraka, au ambaye kifua kinabonyea ndani, ikiwa hana dalili yoyote ya hatari, hutibiwa akiwa nyumbani kwa amoksilini ya kumeza, angalau miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito wake, mara mbili kwa siku. Kifua kikiwa kinabonyea, dozi ni ya siku 5. Kotrimoksazoli haipo tena kwenye chaguo la kwanza. Mabadiliko hayo yalitokana na majaribio, yakiwemo ya Pakistan, yaliyoonyesha kwamba watoto wa aina hii waliopewa dawa ya kumeza nyumbani walipona sawa na waliochomwa sindano wodini.

Wa kupewa rufaa ni asiyeweza kunywa wala kunyonya, anayetapika kila kitu, mwenye degedege, aliyelegea au kupoteza fahamu, anayetoa mlio wa koromeo akiwa ametulia, mwenye utapiamlo mkali, na ambaye oksijeni kwenye damu iko chini ya asilimia 90. Mtoto mwenye VVU ambaye kifua kinabonyea naye aende hospitali. Walio chini ya miezi 2 wana mwongozo wao, usiwachanganye humu.

Ninachokiona kikiharibu kazi zaidi ya dawa ni kuhesabu pumzi. Mtu anahesabu sekunde 15 kisha anazidisha kwa 4. Watoto hawapumui kwa mpangilio. Wanaharakisha, wanatulia, wanaharakisha tena. Hesabu dakika nzima, mtoto ametulia, nguo imepandishwa hadi uone kifua na tumbo. Kwa wa miezi 2 hadi 11, pumzi 50 au zaidi ni kupumua haraka. Kwa wa miezi 12 hadi 59 ni 40 au zaidi.

Dhana: Kichupa cha chanjo hakifunguliwi kwa ajili ya mtoto mmoja

Hapa ndipo tunapopoteza watoto wengi bila kuhesabiwa popote. Mama amekuja na mtoto wa chanjo ya surua, anaambiwa arudi siku watakapokuwa wengi ili dozi zisimwagwe. Wengine hawarudi. Msimamo wa WHO ni kwamba kichupa kifunguliwe hata kwa mtoto mmoja: dozi zinazomwagwa ni hasara iliyokwisha kupigiwa hesabu, mlipuko wa surua ni hasara ya aina nyingine.

Hofu ya kumwaga dozi mara nyingi inatokana na kudhani kila kichupa kikishafunguliwa kinaisha siku hiyo hiyo. Kwa chanjo za unga zinazochanganywa na maji yake, kama surua na BCG (ya kifua kikuu), ndiyo: baada ya saa 6 au mwisho wa kipindi cha chanjo, chochote kitakachotangulia, zinatupwa, na hapo hakuna mjadala kwa sababu bakteria wanaweza kukua ndani. Lakini chanjo nyingi za maji zenye dozi kadhaa zinaweza kutumika hadi siku 28 baada ya kufunguliwa, kwa sera ya WHO iliyorekebishwa mwaka 2014, mradi chanjo yenyewe imeidhinishwa kwa utaratibu huo, muda wake haujaisha, imehifadhiwa kati ya nyuzi joto 2 na 8, na alama ya joto iliyobandikwa kwenye kichupa haijaharibika. Andika tarehe ya kufungua kwenye kichupa. Kisichoandikwa tarehe hakina kumbukumbu.

Alama hiyo ya joto yenyewe husomwa vibaya. Tazama mraba ulio ndani ya duara: ukiwa mweupe zaidi ya duara, chanjo inatumika. Ukifanana rangi na duara, au ukiwa mweusi zaidi, tupa. Na alama hiyo haikuambii chochote kuhusu kuganda. Tunaogopa joto tu, kumbe chanjo za homa ya ini B, pepopunda na ile ya pentavalenti (chanjo tano kwa pamoja) huharibiwa na baridi kali. Vifuko vya barafu vikitolewa kwenye friza na kuwekwa papo hapo kwenye kisanduku cha chanjo vinaweza kuigandisha. Viache nje kwanza. Kitikise kimoja karibu na sikio, ukisikia maji yakicheza ndani, ndipo uvipange.

Mengine mafupi ya chumba hicho hicho: mafua au homa ndogo haimzuii mtoto kuchanjwa, sindano mbili au tatu siku moja hazilemei kinga yake, na hakuna haja ya kuvuta bomba nyuma kuangalia damu kabla ya kusukuma chanjo. Hilo la mwisho tulilifanya kwa bidii sana vyuoni. Linaongeza maumivu tu.

Dhana: Mgonjwa akipata mzio mkali, anza na haidrokotisoni

Anza na adrenalini. Haidrokotisoni, dawa ya kutuliza uvimbe, inachukua saa kadhaa kufanya kazi, na dawa za kupunguza mwasho hazifungui njia ya hewa wala hazipandishi presha iliyoanguka. Adrenalini ya miligramu 1 kwa mililita 1 ichomwe kwenye msuli wa paja, upande wa nje katikati, miligramu 0.01 kwa kila kilo, isizidi 0.5 kwa mtu mzima. Asipopata nafuu, rudia baada ya dakika 5 hadi 15. Mlaze, miguu juu, isipokuwa kama anashindwa kupumua akiwa amelala. Usimsimamishe ghafla, wapo waliofariki kwa kusimamishwa tu. Wanaochelewesha adrenalini kwa kuogopa moyo utaenda mbio wanaogopa kitu kidogo mbele ya kikubwa.

Dhana: Mashine ya presha ikiwa nzima, namba ni ya kuaminika

Mashine inaweza kuwa nzima na namba ikawa ya uongo. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2024 uliwapima watu wale wale mikono ikiwa katika mikao tofauti. Mkono uliowekwa mapajani ulipandisha presha ya juu kwa karibu 4, na uliolegezwa ubavuni ulipandisha kwa zaidi ya 6, ukilinganisha na mkono uliowekwa mezani usawa wa moyo. Mwaka mmoja kabla yake, utafiti mwingine ulionyesha kwamba mtu anayehitaji mkanda wa mkononi mkubwa kabisa akipimwa kwa mkanda wa kawaida anasomeka juu kwa karibu 20.

Sasa jumlisha na yale tunayoyafanya kila asubuhi. Mgonjwa ametembea, ameitwa, amekaa kwenye kiti kisicho na egemeo, mkanda umefungwa juu ya sweta, na sisi tunamuuliza maswali huku mashine inajaza upepo. Akisoma 148 kwa 92 tunamwandikia dawa za maisha. WHO inapendekeza dawa zianze kwa presha iliyothibitishwa ya 140 kwa 90 na kuendelea. Neno lenye uzito hapo ni *iliyothibitishwa*. Apumzike dakika 5, mgongo umeegemezwa, miguu chini bila kukunjwa, kibofu kitupu, mkono mezani, kimya pande zote mbili. Kisha rudia.

Dhana: Mwenye pumu isiyo kali anatosheka na salbutamoli pekee

Mwaka 2019 GINA, chombo kinachotoa mwongozo wa pumu duniani, kiliacha kupendekeza salbutamoli peke yake kwa watu wazima na vijana wa miaka 12 na zaidi. Salbutamoli hufungua njia ya hewa lakini haigusi uvimbe ulio ndani yake. Mgonjwa anapata nafuu ya haraka, anaamini yuko salama, ugonjwa unaendelea chini chini. Kinachopendekezwa ni inhela yenye steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe) pamoja na fomoteroli (nayo hufungua njia ya hewa), hata kwa matumizi ya pale anapobanwa. Isipopatikana, avute steroidi ya inhela kila anapovuta salbutamoli. Muulize amemaliza kopo ngapi mwaka huu: 3 au zaidi ni ishara kwamba yuko kwenye hatari ya kuzidiwa.

Dhana mbili za wodi ya wazazi na kliniki ya wajawazito

Kwamba malaria katika miezi 3 ya kwanza ya ujauzito hutibiwa kwa kwinini pekee: tangu mwishoni mwa 2022 WHO inapendekeza artemeta-lumefantrini hata katika kipindi hicho. Kwamba asidi ya traneksamiki, dawa ya kuzuia damu kuvuja, ni ya kusubiri njia nyingine zishindwe: mama anayevuja damu kupita kiasi baada ya kujifungua apewe gramu 1 kwenye mshipa, polepole kwa dakika 10, mapema iwezekanavyo na ndani ya saa 3 tangu kujifungua, sambamba na oksitosini (dawa ya kukaza mji wa mimba) na hatua nyingine. Kila dakika 15 za kuchelewa hupunguza faida yake kwa takriban asilimia 10, na saa 3 zikishapita hakuna faida.

Dhana: Aliyeandikiwa "mzio wa penisilini" asipewe tena maishani

Marekani, karibu mtu 1 kati ya 10 husema ana mzio wa penisilini. Wakipimwa, zaidi ya asilimia 90 wanaonekana kuimudu bila shida. Wengine walipata upele wa virusi utotoni wakiwa wanameza dawa, wengine walihara tu, wengine walikuwa na mzio wa kweli ambao hufifia kadiri miaka inavyopita.

Kwa hiyo uliza: ilitokea nini hasa, lini, muda gani baada ya kumeza, alilazwa? Kichefuchefu si mzio. Kuvimba uso na kubanwa pumzi ni habari nyingine, na ngozi iliyobabuka pamoja na vidonda vya mdomoni na machoni inafunga mlango kabisa. Huyo usimjaribie kitu. Swali hili lina uzito wa pekee kwa mjamzito mwenye kaswende, maana benzathini penisilini ndiyo dawa pekee iliyothibitishwa kumtibu na mtoto aliye tumboni. Mwenye historia ya kutisha apelekwe panapoweza kumzoesha dawa hiyo chini ya uangalizi.

Dhana: Miongozo ikibadilika-badilika, maana yake wataalamu hawajui wanachofanya

Chukua dolutegraviri, dawa ya VVU. Mwaka 2018 takwimu kutoka Botswana zilionyesha watoto 4 wenye kasoro ya mfereji wa neva (kasoro ya kuzaliwa ya ubongo au uti wa mgongo) kati ya wanawake 426 waliopata mimba wakiwa wanaitumia. Tahadhari ikatolewa. Uchunguzi uliendelea, idadi ya wajawazito ikaongezeka, na kufikia 2019 kiwango kilikuwa kimeshuka hadi 5 kati ya 1,683. WHO ikaipendekeza kwa watu wazima wote, wanawake wakiwemo, na tofauti iliyobaki nayo ikatoweka baadaye. Aliyesoma waraka wa 2018 na kuacha hapo bado anamnyima mama dawa bora. Aliyesoma wa 2018 na wa 2019 anajua kwa nini.

Dhana: Waraka ukishasomwa kikaoni, huduma imebadilika

Kwanza, pendekezo la WHO si agizo kwa kituo chako. Unafuata mwongozo wa nchi yako, na ukiona umebaki nyuma, unauliza kwa anayekusimamia badala ya kujitungia wako. Pili, karatasi haibadilishi kazi. Nenda kwenye chumba cha watoto wiki mbili baada ya kikao: chati ya zamani bado iko ukutani, stoo imejaa dawa ya zamani na mpya haijaagizwa, rejesta haina safu ya kuandika kipimo kipya, na muuguzi wa zamu ya usiku hakuwepo kikaoni. Yeye atafuata chati, na ndivyo inavyotakiwa.

Siku ya kubandika mpya, ng'oa ya zamani na uichane. Andika tarehe kubwa kwenye kona ya chati mpya. Mpe mtu mmoja, kwa jina, kazi ya kuwafikia wa zamu ya usiku, wa likizo na wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo. Baada ya mwezi chomoa majalada 10 ya watoto waliokuja na kikohozi, uangalie waliandikiwa nini.