Vihekalu vya kando ya barabara India: yanayosemwa na yalivyo

Mkazi wa Dar akisikia hekalu la Wahindu huwaza Kisutu: jengo kubwa, lango na mlinzi. Mumbai, Kolkata na Chennai mahekalu makubwa yapo, lakini kuna pia vihekalu vinavyoota kwenye kona, chini ya miti, hata katikati ya njia ya waenda kwa miguu.

"Vyote ni vya kale, mji ndio uliovifuata."
Vya kale vipo. Mumbai yenyewe imeitwa kwa jina la Mumbadevi, mungu wa kike wa wavuvi wa Kikoli. Ila vingi ni vya juzi, na huota polepole. Mwanzo ni jiwe tu chini ya mti wa peepal, jamii ya mkuyu, unaoheshimiwa na Wahindu tangu zamani. Mtu hulipaka unga mwekundu uliokorogwa na mafuta mpaka linang'aa. Kesho utakuta shada la maua ya rangi ya chungwa na taa ndogo ya udongo. Baadaye hujengwa jukwaa la saruji, bati la kukinga mvua, vigae kama vya bafuni, nondo zenye kufuli, sanduku la sadaka. Akifika mhudumu wa kudumu, njia imeshakwisha, na mama aliyebeba mtoto anashuka barabarani kupishana na mabasi. Ni hatua ipi kati ya hizo ungeizuia? Kila moja ilikuwa ndogo.

"Ni ujanja wa wanyakuzi wa ardhi."
Wanyakuzi wapo, sanamu mbele ya kibanda humfanya mbomoaji asite. Lakini watunzaji wengine ni madereva wa bajaji wa kijiwe hicho na wauza maua. Kolkata, Jumamosi jioni, watu hupita kwenye vibanda vya mungu Shani, wakavua viatu pembezoni mwa barabara na kuomba. Kuwaita hao wezi ni kuwaonea. Yule mama naye anaonewa, na kwangu hilo halina uzito mdogo.

"Sheria ya India haithubutu kugusa dini."
Tarehe 29 Septemba 2009 Mahakama ya Juu, katika shauri lililoanzia jimbo la Gujarat, ilipiga marufuku ujenzi mpya usio na kibali wa mahekalu, makanisa, misikiti na gurdwara (nyumba za ibada za Masingasinga) kwenye barabara na maeneo ya umma. Yaliyokuwepo yaangaliwe na majimbo, moja moja. Mwaka 2018 usimamizi ukaachiwa mahakama kuu za majimbo. Na orodha hiyo inaonyesha kuwa jambo hili si la Wahindu peke yao.

"Mungu akishasimikwa hahamishiki."
Hili ndilo linalotia watu hofu zaidi. Ni kweli kwamba sheria ya India humtambua mungu wa hekaluni kama mwenye haki ya kumiliki mali na kushtaki. Ila kuaga ni sehemu ya ibada yenyewe: kila mwaka Mumbai humkaribisha majumbani Ganesh, mungu mwenye kichwa cha tembo, kwa sanamu yake, na siku ya kumi maelfu humsindikiza mpaka ufukwe wa Girgaon Chowpatty na kumzamisha baharini kwa nyimbo. Waumini wanaijua njia ya kumhamisha mungu kwa heshima. Waitwe wao na kuhani wao mapema, waonyeshwe kiwanja cha jirani, kabla tingatinga halijawashwa.