Picha ya kale ilishakatwa kabla sijashika mkasi

Nimeulizwa tena, na safari hii najibu kwa maandishi: kwa nini sisi wa kolaji, yaani sanaa ya kuunganisha vipande vya picha mbalimbali, tunaharibu ukweli wa picha za makavazi, ilhali kazi yetu eti "ni kukata na kubandika tu"? Anayeuliza anaamini kuwa picha ya kale ni ukweli mzima, uliotulia kwenye boksi lake mpaka alipotokea mtu na mkasi. Sivyo kabisa.

Tazama picha za Union Minière du Haut-Katanga, kampuni ya madini ya Katanga, Kongo, iliyoanzishwa mwaka 1906. Kuna aliyeamua nani asimame mbele na nani abaki nje ya fremu. Kwenye chumba cha giza pembe zikapunguzwa. Bamba la kioo lenye picha hasi likapitishwa penseli ili uso fulani ung'ae. Halafu karani akaandika maelezo: mkuu wa Kizungu kwa jina lake, wafanyakazi kwa neno moja la jumla. Huko kote ni kukata, tena kwa mkono usioonekana.

Sammy Baloji, msanii wa picha aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1978, aliufanya mkono huo uonekane. Katika mfululizo wake uitwao Mémoire, wa mwaka 2006, aliwatoa watu wa zamani kwenye picha za makavazi akawasimamisha ndani ya picha za rangi alizopiga mwenyewe kwenye magofu ya Gécamines, shirika lililorithi migodi baada ya utaifishaji. Watu wamebaki katika nyeusi-na-nyeupe ya picha ya kale, ardhi ina rangi. Mshono unaonekana, na hakuna anayedanganywa kuwa ni picha moja.

Sasa kazi yenyewe inavyofanywa. Picha asili haikatwi kamwe; hukatwa nakala yake. Iskani pande zote mbili, kwa sababu mihuri na namba za nyuma ndizo zinazokuambia ilitoka wapi. Skani kwa rangi hata kama picha ni nyeusi na nyeupe: skani ya rangi ina tabaka tatu, yaani chaneli, ya nyekundu, kijani na buluu; doa la manjano hujaa kwenye chaneli ya buluu na karibu hupotea kwenye nyekundu, kwa hiyo ukichukua nyekundu peke yake umeshasafisha nusu ya kazi. Chapa ya sentimita 9 kwa 12 ikiskaniwa kwa dpi 600 (nukta 600 kwa kila inchi) inakupa piseli kama 2,126 kwa 2,835, yaani sentimita 18 kwa 24 ukichapa kwa dpi 300. Hifadhi kwa TIFF, aina ya faili inayotunza ubora wa picha. Programu zinazopaka rangi zenyewe kwenye picha nyeusi na nyeupe usiziguse. Zinabuni rangi ya ngozi na ya nguo, na mtazamaji atazisadiki.

Sasa lile la "ni kukata na kubandika tu". Kinachoangusha kolaji nyingi ni mstari wa upeo wa macho, wala si mkasi. Kwenye ardhi tambarare, upeo unamkata kila aliyesimama katika kimo kile kile cha kamera, awe karibu au mbali. Upeo ukipita kifuani kwa mtu wa mita 1.7, kamera ilikuwa kwenye mita 1.3 hivi. Majengo yakiuficha, chukua reli mbili au kingo mbili za paa zilizo mlalo na zinazokwenda sambamba, zirefushe kwa rula. Zinapokutana ndipo upeo ulipo. Kisha nenda kapige mandhari yako na stendi ikiwa kwenye mita 1.3 hiyo hiyo. Wengi hupiga kwenye 1.6 kwa kuwa shingo haiumi. Ukimbandika yule mtu upeo kwa upeo, anakuwa jitu la mita 2.09. Ukimpunguza afikie kimo chake, ardhi chini ya nyayo zake inainama vibaya, na jicho linakataa hata kama mwenye jicho hajui kwa nini.

Ukifanya kwa karatasi, laza kisu kidogo wakati wa kukata ili ukingo mweupe ufichike chini. Karatasi ikilowa hutanuka zaidi upande mmoja, basi nyuzi za kipande na za karatasi ya chini ziende njia moja, la sivyo kazi itajikunja. Tumia gundi ya wanga wa ngano. Gundi ya mpira hupenya na kuacha manjano baada ya miaka. Weka chini ya uzito saa 24.

Kuna jambo ambalo bado sina uhakika nalo. Upeo ukilingana sawasawa, mtu yule anaonekana kweli alisimama pale, nami nimetengeneza uongo mpya. Ndiyo maana nalinganisha upeo lakini chembechembe za picha ya kale na ukingo wa kipande naviacha vilivyo. Zito zaidi ni hili: nikimtoa mfanyakazi nikamwacha msimamizi, nimemfungua, au nimefuta sababu ya mabega yake kukakamaa namna ile? Hakuulizwa siku ile, wala mimi siwezi kumuuliza. Kwa sasa namwacha msimamizi kama umbo tupu, karatasi nyeupe yenye kimo chake, mahali pale pale alipokuwa amesimama.