Kubaki si Kujitoa kwa Moyo: Dhana Potofu kuhusu Wanasayansi wa Vyuo Vikuu na Mazingira Yao ya Kazi

Kazi yangu ni kupima namna wahadhiri na watafiti wa sayansi wanavyoyaona mazingira yao ya kazi, kisha kuwaeleza viongozi wa vyuo majibu hayo yana maana gani. Katika vikao vya kuwasilisha matokeo kuna sentensi moja ambayo nimeisikia mara nyingi kiasi kwamba siku hizi namtambua atakayeitamka kabla hajafungua kinywa. Ninaonesha jedwali ambamo watafiti wa idara fulani wamesema hawaaminiani, hawajui vigezo vinavyotumika kugawa nafasi za maabara na wana shaka na mkuu wao, naye kiongozi anatabasamu na kusema: "Lakini hakuna aliyeondoka." Baada ya hapo anafunga kabrasha, kana kwamba mjadala umekwisha, ilhali ndiyo kwanza umeanza.

Dhana: Mwanasayansi asiyeondoka amejitoa kwa moyo kwa chuo chake

Tangu wanasaikolojia John Meyer na Natalie Allen walipochapisha mfumo wao wa sehemu tatu mwaka 1991, wataalamu wengi wa saikolojia ya kazi wamezoea kutenganisha mambo matatu yanayomfungamanisha mtu na mwajiri wake. Upo mfungamano wa moyo, ambapo mtu anabaki kwa sababu anataka. Upo wa hesabu, ambapo anabaki kwa sababu kuondoka kutamgharimu. Na upo wa wajibu, ambapo anabaki kwa sababu anaona si haki kuondoka. Watu watatu wanaweza kukaa katika ofisi za ujia mmoja kwa miaka 20, kila mmoja kwa sababu yake, na katika daftari la mahudhurio wote wakaonekana sawa. Kiongozi anayehesabu vichwa vilivyobaki anajumlisha vitu visivyojumlishika.

Kwa wanasayansi, mfungamano wa hesabu una uzito wa pekee. Mwaka 1960 mwanasosholojia Howard Becker alieleza kwamba mtu hufungwa na mambo ya kando aliyokwisha kuyaweka rehani, ambayo atayapoteza akibadili njia. Mtafiti wa sayansi ana rehani nyingi. Mashine iliyonunuliwa kwa ruzuku yake mara nyingi ni mali ya chuo, na haitatoka naye mlangoni. Wanafunzi wake wa uzamivu wako nusu ya safari. Vibali vya maadili ya utafiti vimetolewa kupitia taasisi hiyo. Sampuli alizokusanya kwa miaka kumi zimo katika majokofu ambayo umeme wake unalipwa na mtu mwingine. Mwenzi wake ana kazi katika mji huohuo, pensheni inakaribia, na katika fani yake nyembamba nafasi inayomfaa hutangazwa mara chache mno. Mtu wa namna hiyo anaweza kukichukia chuo kila asubuhi na bado akakutwa mezani pake saa mbili kamili. Tukimwita mwaminifu kwa sababu hiyo, basi hata mfungwa ni mwaminifu kwa gereza lake.

Tofauti hii ina matokeo yanayopimika. Mwaka 2002 Meyer na wenzake walichambua kwa pamoja tafiti nyingi zilizotumia vipimo hivyo vitatu. Waliona kwamba aina zote tatu huambatana na kupungua kwa nia ya kuondoka, na hapo ndipo kiongozi wetu anapodanganyika, maana kwa kipimo anachokitumia yeye aina zote zinafanana. Walipotazama mahudhurio, ubora wa utendaji na utayari wa kufanya kazi isiyoandikwa katika mkataba, mfungamano wa moyo ndio uliokuwa na uhusiano mzuri wenye nguvu zaidi, ule wa wajibu ukafuata kwa uhusiano hafifu zaidi, na ule wa hesabu ama haukuwa na uhusiano wowote ama ulikuwa na uhusiano hasi. Picha ilikuwa hiyohiyo kwa msongo wa mawazo na mgongano kati ya kazi na familia: anayebaki kwa moyo alikuwa na nafuu, anayebaki kwa hesabu hakuwa nayo.

Chuo kikuu kinaificha tofauti hii kuliko kiwanda au benki, kwa kuwa mwanasayansi anaweza kuondoka bila kuhama. Anafundisha vipindi vyake, anasahihisha mitihani, anachapisha makala pamoja na washirika wa vyuo vingine, na takwimu za chuo zinanawiri kwa jina lake. Alichokiacha hakimo katika takwimu hizo. Hasomi tena rasimu ya mhadhiri kijana wa chumba cha pili, haingii katika kamati ya mitaala mpaka aandikiwe barua, haruhusu kundi jingine kutumia mashine yake, na katika semina ya idara haulizi swali. Kwa kuwa mambo hayo hayakuandikwa popote kuwa ni wajibu wake, hakuna wa kumwajibisha, na idara inakauka polepole huku ripoti ya mwaka ikizidi kunenepa.

Ushauri wangu, ambao nautoa hata pale nisipoulizwa, ni kuacha kutegemea mahojiano ya wanaoondoka. Anayehojiwa amekwisha kupata kazi kwingine, bado anahitaji barua ya utambulisho kutoka kwa mkuu wake, na hana sababu ya kugombana na mtu yeyote katika wiki yake ya mwisho. Mketishe aliyebaki. Muulize: kama mashine, wanafunzi na ruzuku zako vingeweza kuhamishwa kesho bila gharama yoyote, ungebaki hapa? Kisha nyamaza. Sijapata kuona hojaji ya maswali 60 iliyonieleza mengi kama kile kimya kinachofuata swali hilo. Na anayeuliza asiwe mkuu wa idara, jambo ambalo nashangaa kwamba bado inanilazimu kulisema.

Dhana: Anayelalamika ndiye asiyekipenda chuo

Hii ni binamu ya dhana ya kwanza. Mchumi Albert Hirschman alieleza mwaka 1970 kwamba mtu asiyeridhika na taasisi yake ana njia mbili kuu, kuondoka au kupaza sauti, na kwamba uaminifu ndio unaomzuia asikimbilie ile ya kwanza. Mhadhiri anayeandika waraka wa kurasa tatu kuhusu zamu za kutumia darubini bado anaamini kwamba yupo atakayeusoma. Wa kuhofiwa ni yule aliyeandika miaka minne mfululizo na mwaka wa tano hakuandika. Wahenga walikwisha kusema kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu, ingawa katika idara mshindo huo huja kwa barua fupi ya kujiuzulu ambayo kila mtu hudai haikutarajiwa.

Dhana: Mazingira ya kazi ni hisia tu, na hisia hazipimiki

Dhana hii huniudhi zaidi inapotamkwa na mwanafizikia, mtu anayetumia maisha yake kupima vitu asivyoviona.

Mfano unaofaa kukumbukwa ni wa Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts, MIT, nchini Marekani. Mwaka 1994 idara sita za kitivo chake cha sayansi zilikuwa na wanawake 15 wenye ajira ya kudumu dhidi ya wanaume 194. Wengi wa wanawake hao walikuwa wakihisi kwamba wanatengwa, lakini kila mmoja alidhani tatizo ni lake peke yake. Mmoja wao, mwanabiolojia Nancy Hopkins, ambaye alikuwa akiomba nafasi zaidi ya kuweka matangi ya samaki wake wa utafiti, alichukua futi ya kupimia akaanza kupima ukubwa wa maabara za wenzake. Kamati iliundwa, na ripoti iliyotangazwa mwaka 1999 ilionesha tofauti katika mishahara, nafasi za maabara, rasilimali, tuzo na ushiriki katika maamuzi. Rais wa taasisi hiyo wakati huo, Charles Vest, aliyakubali matokeo hayo hadharani. Kilichokuwa kikiitwa hisia kilikuwa na upana na urefu.

Katika ripoti hiyo kuna jambo jingine ambalo wasomaji wengi hulipita haraka: wanawake wa ngazi za chini kwa jumla waliona kwamba idara zao zinawaunga mkono, huku wale wa ngazi za juu wakijiona wamesukumwa pembezoni. Jengo ni lilelile, mwaka ni uleule, na mazingira ni mawili. Ndiyo maana sikubali kuandika kwamba mazingira ya idara fulani ni mazuri au mabaya kabla ya kuangalia iwapo wanaidara wenyewe wanakubaliana. Tunapozungumzia mazingira ya kazi ya kundi, tunazungumzia mtazamo ambao kundi linashirikiana. Majibu yakitawanyika kupita kiasi, tulichonacho ni maoni ya mtu mmoja mmoja, na mtawanyiko huo wenyewe ni matokeo yanayohitaji maelezo. Majibu yagawanywe kwa cheo, kwa jinsia na kwa aina ya mkataba, kwa sababu mtafiti wa mkataba wa miaka miwili na profesa wa ajira ya kudumu hawaoni chuo kimoja.

Kwa anayedhani kwamba haya ni mambo laini, ripoti ya Akademia za Taifa za Marekani ya mwaka 2018 kuhusu unyanyasaji wa kijinsia katika sayansi, uhandisi na tiba ilihitimisha kwamba kiashiria chenye nguvu kuliko vyote cha kutokea kwa unyanyasaji huo ni mazingira ya taasisi, hasa pale watu wanapoona kwamba vitendo hivyo vinavumiliwa.

Dhana: Wastani wa chuo ukiwa mzuri, chuo ni kizuri

Chukua idara ya watu 20. Kumi wamejibu 5 na kumi wamejibu 1. Wastani ni 3, namba ambayo hakuna hata mmoja aliyeiandika. Mwanasayansi haishi katika wastani wa chuo. Anaishi katika maabara yake na idara yake, na mkuu wa idara humgusa katika ratiba, vifaa na upandishwaji vyeo kuliko makamu mkuu wa chuo ambaye pengine humwona mara moja kwa mwaka siku ya mahafali. Matokeo yashuke hadi ngazi hiyo, lakini yasishuke mpaka majina yajulikane: mimi sitoi matokeo ya kundi lenye watu chini ya watano, na nimewahi kugombana na wateja kwa ajili hiyo.

Dhana: Wakiongezewa mshahara watatulia

Mshahara unaoonekana kuwa wa upendeleo hufukuza watu, hilo halina ubishi. Lakini mwaka 2004 mchumi Scott Stern alichapisha uchambuzi wa nafasi za kazi walizopewa wanabiolojia waliomaliza uzamivu, akakuta kwamba waajiri waliowaruhusu kuendelea na utafiti wao na kuuchapisha walikuwa wakitoa mishahara midogo zaidi, na wapo walioikubali. Nao uchambuzi wa 2002 nilioutaja juu ulionesha kwamba, miongoni mwa mambo yanayohusiana na mazingira ya kazi, lililoambatana zaidi na mfungamano wa moyo ni mtu kuona kwamba taasisi inamjali na kuthamini mchango wake. Naomba mkurugenzi wa fedha asiyasome haya kama kibali cha kusimamisha nyongeza.

Dhana: Mwanasayansi ni wa fani yake, hawezi kuwa wa chuo

Chanzo cha imani hii ni cha heshima. Mwaka 1957 mwanasosholojia Alvin Gouldner aliwagawa walimu wa chuo alichokichunguza katika wenyeji, wanaotazama ndani ya taasisi, na walimwengu, wanaotazama wenzao wa fani walioko nje. Viongozi wengi wanaukumbuka mgawanyo huo na wamesahau yaliyofuata. Mwanasosholojia Jean Wallace alipojumlisha tafiti za suala hili mwaka 1993, alikuta kwamba kujitoa kwa taaluma na kujitoa kwa taasisi kwa kawaida huongezeka pamoja. Si ajabu, kwa sababu chuo ndicho kinachompa mtafiti maji, umeme, wanafunzi na saa za kufanyia kazi anayoipenda. Kikimpa hivyo bila kumsumbua, upendo wake kwa fani hukigusa na chuo. Anayemwona mhadhiri wake akishirikiana na watu wa mbali na kuhitimisha kwamba ni msaliti anamwadhibu kwa kuwa mwanasayansi.

Dhana: Kufanya utafiti wa mazingira ya kazi ni hatua njema yenyewe

Hapana. Hojaji iliyojazwa na kufichwa huacha hali mbaya kuliko iliyoikuta, kwa sababu sasa watu wanajua kwamba uongozi ulikwisha kuambiwa. Wakati wa kurudia upimaji, walioudhika zaidi hawajibu, na wastani unapanda kwa sababu hiyo tu, kisha kupanda huko kunatangazwa kuwa mafanikio. Si muda mrefu uliopita uongozi wa chuo kimoja uliniomba nifanye duru ya pili ya upimaji kwa wanasayansi wake. Niliuliza matokeo ya duru ya kwanza yalisomwa katika vikao vya idara zipi. Nilijibiwa kwamba bado yamo katika kabrasha, yakisubiri nafasi katika ajenda ya baraza. Niliikataa kazi hiyo, na nikawashauri wasitume hojaji nyingine yoyote mpaka kabrasha hilo lifunguliwe mbele ya watu walioijaza ile ya kwanza.