Je, wajua kwa nini picha za hoki za toleo maalumu husainiwa kwa penseli?

Tazama ukingo wa chini wa picha ya hoki ya barafuni iliyochapwa kwa idadi maalumu, kama zile wanazokusanya mashabiki wa Kanada na Marekani. Kushoto kuna nambari kama 27/950, kulia jina la msanii, vyote kwa rangi ya kijivu hafifu. Mtu aliyelipa fedha nyingi ana haki ya kuuliza: kalamu ya wino ilikosekana?

Jibu liko kwenye karatasi. Toleo zuri huchapwa kwenye karatasi nzito ya pamba isiyong'arishwa, na karatasi hiyo hufyonza. Wino wa makapeni hupenya ndani ya nyuzi, hutambaa pembeni, na ukikaa ukutani miaka mingi hufifia au hugeuka kahawia. Penseli ni grafiti, na mwanga hauifanyi kitu. Isitoshe, ncha yake huacha mfereji mdogo kwenye karatasi, na grafiti humetameta kidogo ikimulikwa kutoka ubavuni. Mashine ya kuchapa inaweza kuiga umbo la saini, lakini mfereji na mmeto huo haiviwezi.

Ndiyo maana kabla ya kulipa, omba picha itolewe kwenye fremu. Kioo huficha mengi. Punguza taa za chumbani, laza tochi karibu usawa na karatasi, uisogeze taratibu. Kisha tumia lenzi ya kukuza mara 10. Saini iliyochapwa itavunjika kuwa vitone vya rangi. Ya penseli itaonekana kama unga wa kijivu uliokwama juu ya vinundu vya karatasi, huku vibonde kati yake vikibaki vyeupe. Saini iliyo ndani ya mchoro wenyewe haihesabiki, kwa kuwa msanii aliiweka kwenye picha asilia na imenakiliwa pamoja na mengine yote.

Nambari nayo huwachanganya wengi. 27/950 maana yake ni nakala ya 27 katika toleo la 950, lakini si lazima iwe ya 27 kutoka mtamboni, kwani karatasi huweza kuchanganyika kabla ya kusainiwa. Zamani, picha zilipochapwa kwa bamba la shaba lililochorwa kwa sindano, bamba lilichakaa na nakala za mwanzo zilikuwa kali zaidi. Kwa mitambo ya leo tofauti hiyo haipo. Hata hivyo, wakusanyaji hugombania nambari zinazolingana na jezi za nyota wa hoki: 9 kwa Gordie Howe au Maurice Richard, 4 kwa Bobby Orr au Jean Béliveau, 99 kwa Wayne Gretzky. Kumbuka pia kwamba 950 si jumla kamili. Kuna nakala za msanii zenye alama A/P, ambazo kwa desturi ni kama asilimia 10 juu ya toleo, na wakati mwingine chache za mchapaji, P/P.

Ikiwa picha ina saini ya mchezaji pia, hiyo ndiyo yenye mitego zaidi, hasa ikiwa ya makapeni. Richard alifariki mwaka 2000, Béliveau 2014, Howe 2016. Saini zao haziongezeki tena, ila za bandia zinaweza kuongezeka. Mstari wenye unene uleule mwanzo hadi mwisho, bila pahali mkono ulipoongeza kasi au kukaza, huenda ni wa mashine ya kusaini. Ukiilinganisha na saini nyingine ya mchezaji huyohuyo na zikalingana sawasawa kila mstari, ikatae: hakuna mkono unaosaini vilevile mara mbili. Cheti cha kuthibitisha saini nacho kina uzito wa aliyekitoa tu, kwa hiyo linganisha nambari ya stika yake na ile iliyo kwenye picha.

Ukishainunua, usimruhusu fundi wa fremu aibandike kwa gundi wala aukate ukingo ili ienee kwenye fremu ya bei nafuu. Ukingo uliokatwa huondoka na thamani. Ishikizwe juu tu, kwa vipande vya karatasi nyembamba ya Kijapani na gundi ya wanga wa ngano, ili karatasi ipate nafasi ya kutanuka. Kadibodi iwe ya pamba isiyo na asidi, na kioo kisiguse picha, la sivyo unyevu utainatisha nacho. Selotepu isikaribie kabisa. Doa lake la njano hupenya hadi upande wa pili.