Kichwa kimechoka? Uluguru ipo hapo hapo nyuma ya nyumba

Kliniki napokea watu wengi wanaolalamika kitu kilekile, kichwa kizito, usingizi wa kukatika katika, mtu anamfokea mtoto kwa kosa dogo kisha anajuta, na ukimuuliza unapumzikaje anakwambia Jumapili nashinda kitandani na simu. Mimi ni mtaalamu wa afya ya akili hapa Morogoro na leo naomba tuongee kuhusu pumziko la aina nyingine, lile tunaloliona kila asubuhi tukifungua mlango, yaani milima ya Uluguru.

Kwanza tuelewane kwa nini simu haikupumzishi. Rachel na Stephen Kaplan, wanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Michigan kule Marekani, walieleza kwamba umakini wa kujilazimisha unachoka. Ukiwa unahesabu hela za watu, ukiendesha bodaboda pale Msamvu, ukisahihisha madaftari ya watoto 80, unakaza akili ibaki sehemu moja na unafukuza mengine yote, na ukimaliza unashika simu ambayo nayo inakuvuta huku na huku, sasa akili itapumzika saa ngapi? Njiani mlimani ni tofauti, maji yanapita, majani yanacheza, unaangalia tu bila kujikaza, na ile sehemu iliyochoka inapata nafasi ya kulegea.

Mwaka 1984 mtafiti Roger Ulrich alitoa utafiti wa wagonjwa waliofanyiwa upasuaji wa kibofu cha nyongo kwenye hospitali moja Pennsylvania, waliolala dirisha likiangalia miti walitoka mapema na walihitaji dozi chache za dawa kali za maumivu kuliko waliokuwa wanaangalia ukuta wa matofali. Na kwenye utafiti wa huko Uingereza uliotoka mwaka 2019, kwa watu karibu 20,000, wale waliokuwa wanapata angalau dakika 120 kwa wiki kwenye maeneo ya asili ndio walisema zaidi kwamba wana afya njema na wanaridhika na maisha, iwe wamezipata siku moja au kidogo kidogo. Hiyo haithibitishi kwamba miti peke yake ndiyo sababu, maana mwenye afya naye anatoka zaidi, lakini dakika 120 ni masaa mawili tu jamani, mechi moja na mapumziko yake na ubishi wa baada ya mechi.

Mimi mwenyewe nilikaa miaka mitatu mji huu bila kupanda, naangalia mlima dirishani tu. Siku niliyopanda njia ya Morningside, kule kwenye nyumba ya zamani ya enzi za Wajerumani, nilianza saa 12 na nusu asubuhi, na nusu saa ya kwanza kichwa bado kilikuwa kazini, napanga ripoti, nagombana na mtu kimoyomoyo. Halafu nikakutana na mama anashuka na tenga la karoti kichwani, miguu peku kwenye mawe, akanisalimia bila hata kupunguza mwendo, nikasogea pembeni apite, na hapo pembeni kwenye kijiti karibu kabisa na bega langu kulikuwa na kinyonga ana pembe tatu puani, anapeleka mguu mbele, anaurudisha, anaupeleka tena. Nilisimama sijui dakika ngapi. Nilivyoanza kutembea tena ile ripoti ilikuwa imeniacha kabisa.

Sasa mambo ya njiani. Anza mapema kabla ya jua kali, vaa raba zenye meno, beba maji, na mwambie mtu nyumbani unaenda wapi. Masika udongo unateleza sana, subiri pakauke. Njia za chini zinapita kwenye mashamba na nyumba za watu, kwa hiyo salimia, na usichume kitu. Ukitaka kuingia kwenye msitu wenyewe, yaani Hifadhi ya Mazingira Asilia Uluguru, pitia kwanza ofisi ya hifadhi upate kibali na mwongozaji. Chupa yako rudi nayo, maana mto Morogoro unaingia Ngerengere, Ngerengere inaingia Ruvu, na Ruvu ndiyo maji wanayokunywa ndugu zetu Dar.

Na hili nalisema kwa uzito: kama una huzuni isiyoisha wiki mbili na zaidi, au mawazo ya kujidhuru, usingoje Jumamosi ya mlima, njoo hospitali leo, na kama unatumia dawa usiache. Kutembea kunakaa pembeni ya matibabu, sio badala yake.

Wenye magoti mabovu au presha wasione hii haiwahusu. Mama yangu alikuja kunitembelea, kupanda hawezi, nikampeleka kwenye mawe ya mto pale chini mlima unapoanzia. Akakunja kanga, akaweka miguu majini, yale maji ni baridi kweli, akanyamaza kama saa nzima hivi. Nilivyomwambia mama twende jua limepanda, akasema tangulia wewe, mimi bado nipo.