Kugawanya polinomia: mtu hakosei kugawanya, anakosea kutoa

Nasahihisha madaftari ya wanafunzi wangu wa tuisheni karibu kila wiki, na kwenye kugawanya polinomia (zile hesabu za x yenye vipeo, kama 2x³ − 5x + 8) kwa njia ndefu, kugawanya kwenyewe huwa hakuna shida. Wanaumia kwenye kutoa, na mara nyingi kabla hata ya kutoa walishapanga vibaya.

Chukua hii: 2x³ − 5x + 8 gawanya kwa x + 2. Unaona x² haipo? Wengi wanaiandika hivyohivyo, halafu 4x² ikija baada ya kuzidisha haina pa kukaa, inabanwa chini ya −5x, zinatolewa kama ndugu, unakuta −9x kwenye daftari na hapo kwisha habari. Andika 2x³ + 0x² − 5x + 8. Hiyo sifuri sio urembo bana, ni kama ya kwenye 2,058, ukiitoa unabaki na 258.

Haya twende. Unaangalia vichwa tu, yaani zile za mbele zenye kipeo kikubwa, 2x³ kwa x ni 2x², iweke juu. Izidishe na x + 2 yote, 2x³ + 4x², andika chini, toa, 2x³ inakufa na inabaki −4x². Shusha −5x. Kichwa kipya −4x² kwa x ni −4x, zidisha, unapata −4x² − 8x. Shimo lenyewe ndo hili sasa: −5x toa −8x. Mtu akiona minasi mbili anaandika −13x fasta, wakati kutoa hasi ni kuongeza, kwa hiyo −5x + 8x, yaani 3x. Mi huwa nawaambia mstari wa chini uwekwe kwenye mabano, halafu wageuze alama zote kwa kalamu ya rangi nyingine kabla hawajagusa kitu, daftari linachafuka ila maksi zinapona. Shusha 8, weka 3 juu, toa 3x + 6, inabaki 2.

Jibu 2x² − 4x + 3, baki 2.

Kuhakiki, weka x = −2 (ndo inayofanya x + 2 iwe sifuri, libaki baki tu) kwenye ile ya mwanzo: −16 + 10 + 8 = 2, baki limekubali. Ila hiyo inakagua baki peke yake, mi napenda zaidi kuweka x = 10, maana unapata 1,958 gawanya kwa 12, ambayo ni 163 baki 2, na jibu letu nalo linatoa 200 − 40 + 3 = 163. Ni hesabu ileile ya shule ya msingi, imevaa x tu.

Kuna wanaoniuliza kwa nini wasitumie ile njia fupi ya kuandika namba tupu bila x. Tumia, ni tamu kweli, ila ile inataka kigawanyo (kile unachogawanya nacho) kiwe x na namba tu, kama x + 2 yetu. Siku ukiletewa polinomia hiyohiyo kwa x² + 1 utarudi huku huku kwenye njia ndefu, utapata 2x baki −7x + 8, na usishtuke baki kuwa na x ndani, kipeo chake ni 1 na cha kigawanyo ni 2, hapo unasimama.